Kisa cha bunduki ya upepo iliyovuja mara tatu

Kabla ya kuanza

Wenye vifaa hivi Dar es Salaam si wengi, na ukishataja aina ya bunduki, mtaa na kazi ya mtu, basi umemtaja yeye. Kwa hiyo hayo nimeyaondoa. Mwenye mali nitamwita Bwana K., na mpwa wake, anayesomea ufundi mitambo, nitamwita kijana. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa fundi wa kompresa zinazojaza mitungi ya wazamiaji. Bunduki za upepo nimezijua ukubwani, kwa mapenzi tu. Hii ya kwenye kisa ilikuwa na karatasi zake zote, ilitumika kulenga shabaha za karatasi na makopo katika shamba la familia nje ya jiji, na kila kilichofunguliwa alikifungua mwenyewe, mimi nikiwa kando na tochi.

Mazingira

Bwana K. ni mhasibu aliyevuka miaka hamsini, anaishi upande wa Kigamboni, katika nyumba ambayo nondo za dirishani hupigwa rangi kila mwaka na bado kutu inarudi. Hilo la nondo lilipaswa kutuambia kitu mapema.

Bunduki aliinunua mkononi mwa mtu, ikiwa katika hali nzuri. Ni ile ya kujazwa hewa: chini ya mtutu kuna bomba la chuma lenye ujazo wa sentimita za ujazo 200, linajazwa hadi baa 200. Ukifyatua, nyundo ndogo inagonga valvu, valvu inafunguka kufumba na kufumbua, hewa kidogo inatoka na kusukuma risasi ya milimita 5.5. Kati ya bomba na valvu kuna regyuleta inayoipunguza presha hadi baa 130, ili risasi ya kwanza na ya ishirini ziende kwa mwendo mmoja. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo. Zidisha mara mia moja hivi, ndipo ujue unashika nini. Kipimo chenyewe kinaitwa baa, na katika Kiswahili baa ni balaa. Sijaona kipimo kingine kilichopewa jina linalokifaa namna hii.

Hewa alijaza kwa pampu ya mkono, ile ndefu ya hatua tatu inayofanana na ya baiskeli lakini inatoa jasho la kulimia. Marekebisho aliyoyafanya kabla ya kisa ni mawili. La kwanza, kitako kipya cha mninga alichochongewa Keko, kazi safi sana, mbao imekumbatia chuma bila nafasi ya kupitisha karatasi. La pili, alibadilisha geji ndogo ya kiwandani, yaani kipima presha, akaweka yenye namba za kusomeka bila miwani. Yote mawili tutayarudia.

Kuvuja kwa kwanza, ambako nusu yake hakukuwa kuvuja

Ilikuwa katikati ya masika. Bwana K. alijaza baa 200 jioni, asubuhi akakuta 180. Akampigia mpwa wake, kijana akaja na boksi la spana.

Hapa kuna kosa dogo ambalo wengi hulifanya. Kupampu kunaipasha hewa joto. Hewa iliyo kwenye nyuzi 45 ikipoa hadi nyuzi 28 za chumbani, presha ya baa 200 inashuka hadi karibu 189 bila hewa yoyote kutoka. Kwa hiyo kati ya zile baa 20 zilizopotea, kama 11 zilikuwa joto tu. Zilizobaki tisa zilikuwa za kweli, lakini tisa kwa usiku mmoja si jambo la kukimbilia spana. Ni la kuandika kwenye daftari na kupima tena kesho. Hawakuandika.

Kijana alipaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha kujazia, kwenye geji na kwenye kizibo cha mbele cha bomba. Mapovu madogo yakaota kwenye kizibo. Akatoa hewa, akafungua, akakuta oringi, ile pete ya mpira inayozuia hewa, imechubuka. Akapanda pantoni, akaenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri, akarudi na pakiti ya oringi za kipimo kilekile kwa kipenyo na unene. Akaipaka grisi ya beringi iliyokuwepo kwenye boksi, akafunga. Asubuhi geji ikasoma vizuri. Wote wakafurahi, na sioni sababu ya kuwalaumu kwa furaha ile.

Kuvuja kwa pili, na kizibo cha shafti ya lori

Baada ya wiki tatu ikavuja tena, safari hii kwa kasi: kutoka 200 hadi 150 kwa usiku mmoja. Oringi ya Gerezani ilikuwa imevimba na imekatika kidogo ukingoni. Kijana akatia nyingine. Hiyo haikumaliza hata wiki.

Alipoangalia kizibo chenyewe, ambacho ni cha aluminiamu, akaona mfereji wa kukalia oringi una vidoa vyeupe na vishimo. Hapo akawaza kama fundi: sehemu imeharibika, tengeneza nyingine. Alikuwa anamfahamu fundi wa leti, mashine ya kuchongea chuma, akampelekea kizibo kama sampuli. Fundi akashika kipande cha chuma na kusema, "Hii ni shafti ya lori. Hata ukiipiga nyundo kutwa haivunjiki." Bei walielewana.

Bwana K. ndiye aliyesita. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa na sababu ya kitaalamu; neno lori ndilo lililomtisha. Akanipigia. "Samahani kaka, nakusumbua. Hivi chuma cha lori kinafaa kwenye bunduki?"

Nikamwambia asifunge chochote, nakuja Jumamosi.

Tulipoifungua

Jambo la kwanza nililolikuta mezani lilinitoa jasho. Kijana alikuwa ameshatoa hewa kupitia skrubu ya kutolea, geji ilikuwa kwenye sifuri, na spana ilikuwa tayari mkononi.

"Mjomba, imeisha. Geji inasema sifuri."

Geji inasoma bomba kuu. Haisomi chemba ndogo iliyo mbele ya regyuleta, ambako baa 130 zinaweza kubaki zimefungiwa hata baada ya bomba kuu kuisha. Tena geji nyingi zina pini inayouzuia mshale usirudi nyuma ya sifuri, kwa hiyo mshale ukigusa pini haukuhakikishii kwamba ndani hamna kitu. Nikawaomba wahakikishe hakuna risasi, mtutu uelekee kwenye gunia la mchanga, kisha bunduki ikokiwe na kufyatuliwa bila kitu. Mfyatuo wa kwanza ulitoa mlio kamili. Wa pili ukatoa wa chini yake. Wa nne ndio uliosikika chuma tupu kikigonga chuma. Kijana hakusema neno, akaweka spana chini, akaenda kunywa maji.

Kisha tukafungua. Ndani ya bomba, sehemu ya chini, kulikuwa na uji mweupe kama maziwa ya mgando: grisi iliyochanganyika na maji. Nikauchota kwa kijiti cha kusafishia masikio, nikawaonyesha. Ukutani kulikuwa na madoa ya kahawia. Hesi za kizibo, yaani nyuzi zake za skrubu, zilikuwa na unga mweupe, ndio ule aluminiamu inaoutoa ikikutana na maji huku imegusana na chuma. Metali mbili tofauti zikiloweshwa pamoja, moja huliwa. Kwenye regyuleta kuna springi za sahani, vikombe vidogo vya chuma vilivyopangwa mgongo kwa mgongo. Tatu zilikuwa na kutu.

Bwana K. akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa wiki tano kabla: "Haya maji yameingia wapi?"

Hayakuingia popote. Aliyaingiza mwenyewe, kwa mikono yake, kila Jumamosi.

Tulipiga hesabu palepale nyuma ya risiti. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Katika masika Dar, unyevu wa asilimia 80 ni siku ya kawaida, kwa hiyo chukua gramu 24. Kulijaza bomba lake kutoka tupu hadi baa 200 kunahitaji lita 40 za hewa ya nje, yaani karibu gramu moja ya maji. Hewa ile ikishabanwa ndani ya sentimita za ujazo 200, nafasi iliyobaki inaweza kubeba miligramu chache tu, kama sita, katika hali ya mvuke. Mengine yote hugeuka matone. Pampu ina kichujio kidogo na tundu la kutemea maji, na kikitumika vizuri hukamata sehemu kubwa. Lakini Bwana K. alikuwa anapampu mfululizo hadi mwisho bila kusimama kutema. Pampu ikapata moto, maji yakabaki mvuke mle kwenye kichujio, yakapita kama mvuke, yakaja kupoa na kuwa matone ndani ya bunduki.

Hewa ya kompresa yetu ya wazamiaji hupita kwenye vikaushio kwanza, na maji yanayoruhusiwa kubaki ni makumi machache ya miligramu kwa mita ya ujazo. Hewa ya sebule ya Kigamboni ina elfu ishirini na nne.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukataa kizibo cha leti. Fundi yule ni mzuri, na bushi zake za magari nimeziona. Tatizo ni hesabu. Kipenyo cha ndani cha bomba ni milimita 25. Baa 200 zikisukuma duara la upana huo zinatoa nguvu ya karibu tani moja, kana kwamba gari dogo limeegeshwa juu ya kizibo hicho, na kilicho upande wa pili ni uso wa mtu anayechungulia geji. Shafti ya lori huenda ni chuma kigumu kweli, lakini hakuna aliyejua ni chuma gani, imeshachoka kiasi gani, na hesi zingekaa kwa nafasi gani kwenye bomba. Ugumu ambao fundi alikuwa anausifia ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu chuma kigumu mno hakitoi dalili kabla ya kuachia. Kitako, kishikio, kifuniko cha geji, chonga unavyotaka. Sehemu inayobeba presha inatoka kwa aliyeitengeneza bunduki. Kizibo cha kiwandani kiliagizwa, kikachukua wiki saba kufika, na wiki zote saba bunduki ilikaa tupu.

Uamuzi wa pili ulihusu oringi. Zile za Gerezani hazikuwa feki. Zilikuwa za ugumu wa 70, wakati kiwanda kinataka 90 kwenye kizibo kile. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Kwenye presha kubwa, laini hufinywa na kusukumwa kwenye upenyo mwembamba kati ya chuma na chuma, ikakatwa ukingo. Tena mpira uliokaa muda mrefu kwenye hewa ya baa 200 hunyonya hewa. Ukiitoa presha ghafla, hewa iliyomo ndani ya mpira inatanuka na kuupasua kutoka ndani, ndiyo maana ya ule uvimbe tuliouona. Kijana alikuwa anatoa hewa kwa kufungua skrubu yote kwa mkupuo. Sasa anaitoa polepole.

Wa tatu ndio ninaoukazia kuliko yote: grisi. Grisi ya beringi inatokana na mafuta ya petroli. Ndani ya hewa iliyobanwa hiyo ni kuni. Ukiibana hewa ghafla kutoka baa 1 hadi 200, bila kuipa nafasi ya kupoa, kwa nadharia joto lake linapita nyuzi 1,000. Kila dereva wa daladala ya dizeli anaujua mchezo huo hata kama hajausoma: injini yake haina plagi ya cheche, mafuta yanawaka kwa kubanwa tu. Pampu ya mkono ilimwokoa Bwana K. kwa uvivu wake, maana inajaza kwa dakika kumi na tano. Tulikuwa tunataka kuhamia kwenye mtungi wa wazamiaji wenye hewa kavu, ambao ukifunguliwa kwa pupa unajaza kwa sekunde mbili. Yaani dawa ya tatizo la maji, ingetumika kabla ya kusafisha grisi, ingekuwa kiberiti. Tukaosha kila kitu, tukakausha, na sili, yaani oringi na vizuia hewa vingine, zikapakwa grisi ya silikoni tu, tena kidogo sana. Silikoni nayo haifai pale chuma kinaposuguana na chuma. Kwenye nyundo na triga tulitumia grisi ya molibdenamu, ambako hakuna presha inayofika.

Kuhusu hewa, alinunua mtungi wa wazamiaji wa lita 12 wenye muhuri wa kupimwa kwa presha ya maji ambao haujapitwa na muda. Kwa kawaida kipimo hicho hurudiwa kila miaka mitano, na kituo makini hakikujazii mtungi uliopitwa. Hesabu yake ni tamu. Kuirudisha bunduki kutoka baa 100 hadi 180 kunatumia lita 16 za hewa. Mtungi uliojaa 200 unaweza kufanya hivyo mara kumi na tano kabla haujashuka chini ya 180. Kwa mtu anayelenga shabaha mara mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi. Tuliamua pia asijaze tena hadi 200: risasi chache anazozikosa hazina maana kwa makopo.

Pampu hakuitupa. Amefunga kwenye mdomo wake wa kuvuta hewa chupa ya punje za silika, zile zinazobadilika rangi zikilowa, anazikausha kwenye oveni mke wake asipokuwepo. Akipampu, kila baada ya mipigo hamsini anasimama, anatema, anaiacha ipoe.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa juu ya bomba lenyewe. Tulilisugua kwa kitambaa na dawa ya kutu, madoa yakatoka, tukachungulia kwa tochi kutoka pande zote mbili. Ukucha haukukwama popote ulipofika. Mtu wa kuthibitisha kwa kipimo cha maji bomba la aina ile hatukumpata. Nilisema lirudi kazini, kwa presha ndogo, na bomba jipya liagizwe taratibu fedha ikiruhusu. Bwana K. aliniamini.

Matokeo

Kizibo kilipofika tulifunga, tukajaza baa 50, tukasubiri saa moja, tukapaka sabuni. Tukapanda 100, tukasubiri. Tukafika 180 jioni. Kwa kuangalia kama valvu inapitisha, tulivalisha puto mdomo wa mtutu, bunduki ikiwa haijakokiwa wala kupakiwa. Asubuhi puto lilikuwa limelala vilevile. Katika miezi miwili ya mwanzo ilipoteza chini ya baa tano kwa wiki, na daftari lipo.

Kipima mwendo kabla ya matengenezo kilionyesha risasi ya kwanza ya asubuhi ikitoka kwa mita 262 kwa sekunde, halafu zinazofuata 250. Ile ya kwanza ilikuwa inabeba presha iliyojipenyeza kwenye chemba usiku kucha kwa sababu regyuleta yenye springi za kutu haikufunga sawasawa. Kwa springi mpya, zote zinacheza kati ya 249 na 252.

Ila shabaha iliendelea kutangatanga! Siku ya jua risasi zilikaa kwenye kundi moja. Siku ya mvua kundi zima lilihama sentimita tatu kulia, mita 25 tu. Tulihangaika na darubini, tukabadilisha skrubu zake, tukamlaumu kijana kwa kushika vibaya. Mwenye macho alikuwa seremala mwingine. Bwana K. alimpelekea kitako kupigwa msasa mikwaruzo, seremala akauliza kwa nini kimebana chuma namna ile, maana mninga nao unapumua, na masika unavimba. Mbao ilikuwa inalisukuma bomba, bomba linausukuma mtutu. Akapunguza milimita moja kila upande. Kundi likatulia.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri katika kisa hiki ni kusita kwa mtu asiye fundi. Bwana K. hakuwa na hoja, alikuwa na wasiwasi, akaupa wasiwasi wake simu moja. Sisi mafundi tungekuwa tumeshafunga.

Kilichoshindikana kilishindikana mapema, pale oringi ya kwanza ilipotoka imechubuka na hakuna aliyeuliza imechubuliwa na nini. Simlaumu kijana peke yake. Oringi ni rahisi, inapatikana, na ukiibadilisha tatizo linaondoka kwa wiki tatu. Ni nani atakayeshuku dawa iliyomponya? Bunduki ilivuja mara tatu, na mara zote tatu maji yalikuwa yamekaa palepale chini ya bomba, umbali wa kidole. Angeliinamisha bomba mara moja tu juu ya karatasi ya chooni, angeyaona.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Bunduki ya upepo ya Girardoni, ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia karibu mwaka 1780, ilizibwa kwa ngozi, na ngozi ile ilitakiwa ilowekwe maji ivimbe ndipo izuie hewa. Zaidi ya miaka mia mbili baadaye sisi tunapigana na maji yaleyale. Vifaa vimebadilika, na maelekezo mengi ya matunzo tunayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi ambako hewa ya sebuleni wakati wa baridi ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Wanasema "pampu, tema mwisho, hifadhi", na kwao inatosha. Mtu wa Kigamboni akifuata neno kwa neno anahifadhi kijiko cha maji ndani ya chuma. Nadhani ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa Kiswahili: aliyeko Mombasa au Tanga ana hewa ya jamaa yetu, si ya mwandishi wa kijitabu.

Kitako kinanisumbua kwa namna nyingine. Kilikuwa ndicho rekebisho pekee lililofanywa kwa ustadi wa hali ya juu, na ustadi huohuo wa kubana bila nafasi ndio uliovuruga shabaha. Seremala wa Keko alikuwa amefanya kazi ya fanicha, ambako nafasi ni aibu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya mbao ile kutakaa chuma kisichotakiwa kusukumwa mbao ikivimba.

Geji kubwa nayo ina sehemu yake katika lawama, kwa kuwa ilikuwa inasomeka vizuri mno. Namba ikiwa wazi namna ile mtu anaacha kufikiria inapima nini. Kijana alikuwa na spana mkononi kwa sababu geji ilisema sifuri, na geji ilikuwa inasema kweli kuhusu chumba kimoja kati ya viwili.

Kwa upande wangu, niliharakisha kwenye bomba. Nilikuwa nimetoka kuwakatalia kizibo, nimewasubirisha wiki saba, nimeikataa grisi yao, na sikutaka kuwa mtu wa hapana kila mara. Hiyo si sababu ya kiufundi. Ukucha na tochi vinatosha kwa sufuria. Bomba la presha lililolala na maji miezi kadhaa lilipaswa kukataliwa siku ileile, na ingekuwa kazini, kwa mtungi wa mzamiaji, ningelikataa bila kupepesa macho.

Nyongeza

Bomba jipya lilifika mwezi wa kumi, vuli ikianza. La zamani, ili mtu asije akaliokota na kulijaza, Bwana K. alilipasua kwa msumeno kwa urefu wake, kijana akishika. Karibu na hesi za mbele, nyuma ya ukingo ambao tochi yetu haikufika, kulikuwa na mstari wa vishimo vyeusi. Kijana alichukua sindano ya kushonea ya shangazi yake akachomeka kwenye kimoja. Ncha ilizama. Alinipigia picha, akanitumia bila maneno yoyote.